Maneno Yasiyoimbwa: Sanduku la Santuri za Babu kama Chanzo cha Historia ya Mwaka 1962

Ikisiri

Makala haya yanachunguza santuri za muziki wa ala tupu, yaani muziki mwororo wa okestra usio na uimbaji, uliopendwa katika sebule nyingi duniani katika miaka ya 1950 na 1960. Data imetokana na sanduku moja la santuri lililoachwa na karani wa reli mjini Jinja, Uganda. Hoja inayojengwa ni kwamba santuri hizi, ambazo kwa kawaida hupuuzwa na wanahistoria wa muziki wa Afrika kwa kuwa ni za kigeni na hazina maneno, zina ushahidi muhimu kuhusu jinsi maneno ya Kiswahili na tuni za Kiafrika zilivyosafiri wakati nchi zetu zilipokuwa zikipata uhuru. Makala yanaonyesha kuwa maneno yalipoondolewa, jina la mtunzi na lugha yake navyo vilififia. Lakini yanaonyesha pia kuwa msikilizaji wa Afrika Mashariki hakuwa mpokeaji tu, bali aliyarudishia maneno hayo maana zake.

1.0 Utangulizi

Babu yangu mzaa mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita Jajja kama ilivyo desturi kwetu Uganda, aliacha shamba dogo, kabati la vitabu na sanduku la mbao lenye santuri 31. Shamba liligawanywa katika kikao kimoja. Vitabu vilipata wenyewe. Sanduku lilibaki ukumbini kwa miezi mingi, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Mjomba mmoja alisema kuwa ule ulikuwa muziki wa hotelini, muziki wa kusikiliza huku mtu akingoja chakula, usio na maneno wala ujumbe. Alipendekeza litupwe. Bibi alikataa, lakini hakutoa sababu. Alisema tu kwamba mwenye sanduku hakuwahi kutupa kitu chenye jina.

Kauli ya mjomba haikuwa ya mtu mmoja. Ndiyo mtazamo unaotawala hata katika taaluma yetu. Tafiti za muziki wa Afrika Mashariki zimeshughulikia taarab, dansi, beni na ngoma za jadi, na kwa haki kabisa, kwa sababu humo mna lugha, mashairi na historia ya watu. Tunapozungumzia santuri, tunaanza na Siti binti Saad na wenzake waliosafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Hatuanzi na okestra ya fidla ya London au Hamburg. Muziki usio na maneno hauna nafasi katika taaluma iliyojengwa juu ya maneno.

Makala haya yanauliza swali moja: je, sanduku kama lile lina lolote la kumwambia mwanahistoria wa Kiswahili? Jibu linalotolewa ni ndiyo, na sababu yake inaonekana kabla hata sindano haijagusa santuri. Kwenye majalada na lebo zake yameandikwa maneno ambayo msomaji yeyote wa Kiswahili anayafahamu: Safari, Hatari. Santuri mbili zenye maneno hayo zilitoka mwaka mmoja, 1962. Huo ndio mwaka ambao Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe 1 Julai, Uganda tarehe 9 Oktoba, na Tanganyika, iliyokuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri. Wakati mataifa yetu yalipokuwa yakijitangazia majina yao, maneno yetu yalikuwa yakiuzwa kwingine kama mapambo ya muziki. Sadfa hiyo inastahili kuchunguzwa.

2.0 Muziki wa ala na sebule ya miaka ya 1950

Ili kuelewa santuri hizi, ni lazima tuanze na chombo chenyewe. Kabla ya mwaka 1948, santuri ya kawaida ilizunguka mara 78 kwa dakika, ilikuwa nzito na rahisi kuvunjika, na kila upande ulibeba muziki wa dakika tatu au nne. Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilizindua santuri ya plastiki yenye kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri ndogo ya mizunguko 45. Kufikia mwaka 1958 santuri za stirio, zenye kutoa sauti kwa njia mbili, zilikuwa zimeingia sokoni.

Mabadiliko hayo yalibadili namna ya kusikiliza. Santuri ya dakika tatu ilimtaka msikilizaji ainuke kila mara kuibadilisha. Santuri ndefu ilimruhusu akae, ale, asome gazeti au azungumze na wageni. Muziki ukawa sehemu ya samani za nyumba. Hapo ndipo muziki wa ala tupu ulipostawi. Mantovani, mzaliwa wa Venice aliyekulia Uingereza, alipata umaarufu mkubwa mwaka 1951 kwa rekodi ya Charmaine, ambayo fidla zake nyingi zilipangwa na Ronald Binge ili zisikike kama maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi. Marekani ilikuwa na Percy Faith, Billy Vaughn na Lawrence Welk. Ujerumani ilikuwa na Bert Kaempfert, mzaliwa wa Hamburg, ambaye tuni yake ya tarumbeta, Wonderland by Night, iliongoza chati za Marekani mapema mwaka 1961.

Kutokuwa na maneno kulikuwa faida kwa biashara hii. Wimbo wa Kijerumani ulihitaji kutafsiriwa ili uuzwe Marekani. Tuni ya tarumbeta haikuhitaji tafsiri. Santuri ileile iliweza kuuzwa Hamburg, Chicago, Johannesburg na Nairobi bila kubadilishwa hata herufi moja ya jalada. Kwa hiyo muziki huu ulienea haraka mno, na ulipenda kuazima: tuni ya Brazili, ya Hawaii, ya Italia, ya Afrika, zote ziliweza kupangwa upya kwa okestra moja na kutolewa kwa msikilizaji kama ziara ya dunia aliyoifanya akiwa kitini. Ni katika uazimaji huo Afrika iliingia, na Kiswahili pamoja nayo.

3.0 Safari isiyofika

Santuri ya Kaempfert iitwayo A Swingin' Safari ilitoka mwaka 1962. Tuni inayobeba jina hilo ilipigwa pia na okestra ya Billy Vaughn, ambayo rekodi yake ilifika nafasi ya 13 katika chati za Marekani mwaka huohuo, na rekodi ya Kaempfert mwenyewe ikatumiwa kufungua kipindi cha mchezo wa televisheni, The Match Game, kilichoanza mwishoni mwa mwaka huo. Mamilioni ya watu walioisikia kila siku mbele ya televisheni zao huenda hawakujua kuwa walikuwa wakisikiliza kitu chochote cha Afrika.

Neno katika jina ni letu. Kiswahili kililipata kutoka mzizi wa Kiarabu, nacho kikalipa Kiingereza katika karne ya 19 kupitia maandishi ya wasafiri wa Ulaya waliofuata njia za misafara kutoka pwani. Ziara ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, ililieneza zaidi. Lakini neno lilipovuka lilipunguzwa uzito. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale: kwenda sokoni, kwenda hijja, kwenda kuzika, na hata kuiaga dunia. Kwa Kiingereza safari ilibaki kuwa mwendo wa mgeni tajiri miongoni mwa wanyama.

Muziki wenyewe, hata hivyo, haukutoka Afrika Mashariki. Ukiisikiliza tuni hiyo kwa makini utasikia filimbi nyembamba zikirukaruka juu ya mdundo mwepesi wa gitaa na besi. Huo ni mtindo wa kwela, uliozaliwa katika mitaa ya Waafrika ya Johannesburg, ambako vijana walipiga filimbi za bati za bei nafuu kwenye pembe za barabara. Katika miaka ya 1950 wapigaji kama Spokes Mashiyane waliufanya kuwa muziki wa santuri, na mwaka 1958 rekodi ya Tom Hark ya Elias na wenzake ilifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza.

Hapa mwanaisimu wa Kiswahili ana jambo la kuchangia. Neno kwela, kwa Kizulu, lina maana ya kupanda, na ni ndugu wa kitenzi chetu kukwea. Mtu aliweza kuitwa akwee kwenye uwanja wa dansi. Lakini neno hilohilo lilihusishwa na gari la polisi la enzi ya ubaguzi wa rangi, ambalo mtu aliyekamatwa bila pasi aliamriwa apande. Rekodi ya Tom Hark inaanza kwa mazungumzo ya mtaani: vijana wanacheza kamari, gari la polisi linaonekana, kete zinafichwa na filimbi zinatolewa. Msikilizaji anaambiwa waziwazi kuwa furaha ya filimbi ile inafunika hofu. Katika A Swingin' Safari hakuna mazungumzo, hakuna kamari, hakuna gari. Filimbi zimebaki, kilichokuwa kikizifukuza kimeondolewa. Kisha, badala ya jina la Johannesburg, santuri ikavikwa neno la Kiswahili kutoka maelfu ya kilomita kaskazini, kana kwamba Afrika ni mtaa mmoja.

Haitakuwa haki kumlaumu Kaempfert peke yake. Tuni aliitunga mwenyewe, na mtindo wa muziki hauna mmiliki mahakamani. Tunachokiona hapa si wizi, ni jambo gumu zaidi kulitaja: ni furaha iliyohamishwa bila historia yake.

4.0 Hatari na mtoto wa tembo

Santuri ya pili ina uhusiano wa moja kwa moja na ardhi yetu. Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuigizwa na John Wayne, Elsa Martinelli na Hardy Krüger, ilipigwa Tanganyika, pamoja na eneo la Momella karibu na Arusha, na kuonyeshwa kuanzia mwaka 1962. Inasimulia habari za watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Muziki wake ulitungwa na Henry Mancini, na tuni iliyovuma zaidi ni ile inayoitwa Baby Elephant Walk, inayosikika mhusika wa Martinelli anapowaongoza watoto wa tembo kwenda majini. Mpangilio wa tuni hiyo ulimpatia Mancini tuzo ya Grammy, na mwaka huohuo Lawrence Welk akaitoa kwa okestra yake.

Tuni hiyo inachekesha kwa makusudi. Kinanda chenye sauti ya sarakasi kinaanza, klarineti inajibu kwa sauti ya juu, na mwendo wa besi unatembea kizitozito kama mguu wa mnyama mdogo. Mwendo huo wa besi hautoki Arusha. Ni mwendo wa boogie-woogie, mtindo wa piano ulioasisiwa na Wamarekani weusi. Kwa maneno mengine, msikilizaji wa Ulaya aliyedhani anasikia Tanganyika alikuwa akisikia wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu, kupitia kalamu ya mtunzi wa Hollywood, ikiwa imetundikwa juu yake neno moja la Kiswahili lenye alama ya mshangao.

Neno hilo moja linatosha kutufundisha. Kiswahili katika filamu hii ni lugha ya amri na ya mapambo; wahusika wakuu ni wageni, na wenyeji wengi wanaofanya kazi pembeni yao hawana majina yanayokumbukwa na mtazamaji. Filamu ilipigwa nchi ikiwa ukingoni mwa uhuru, lakini ndani yake hakuna siasa wala bendera. Anayetaka kujua Tanganyika ilifananaje kwa macho ya soko la dunia katika mwaka wake wa kwanza wa uhuru hatapata ushahidi ulio wazi zaidi ya jalada hili: wanyama, wageni na neno la kutisha.

5.0 Maandishi madogo ya lebo

Ikiwa majalada yanatuonyesha namna Afrika ilivyouzwa, lebo ya katikati ya santuri inatuonyesha nani alilipwa. Jina la mtunzi huchapwa hapo kwa herufi ndogo, chini ya jina la tuni. Katika sanduku la Jinja, lebo tatu zinahitaji kusomwa kwa utulivu.

Ya kwanza ni Skokiaan, katika rekodi ya okestra ya Ralph Marterie ya mwaka 1954. Tuni hiyo ilitungwa na August Musarurwa wa Bulawayo, mpiga saksafoni aliyeongoza bendi ya wafanyakazi wa shirika la nyama la Rhodesia Kusini. Skokiaan ni jina la pombe kali iliyopikwa kwa siri katika mitaa ya Waafrika, ambayo serikali za kikoloni ziliipiga marufuku. Mwaka 1954 tuni hiyo ilirekodiwa na wanamuziki wengi wa Marekani, akiwemo Louis Armstrong. Maneno ya Kiingereza yaliyotungiwa tuni hiyo hayakutaja pombe wala polisi. Yalichora Afrika ya mbali isiyo na shida. Jina la mtunzi lilichapwa, lakini mara nyingi liliandikwa Msarurgwa, tahajia ambayo mwenye jina asingeitambua kwa urahisi.

Ya pili ni That Happy Feeling, iliyopigwa na Kaempfert mwaka 1962. Mtunzi wake ni Guy Warren, mpiga ngoma wa Accra ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Kofi Ghanaba. Tuni ilikuwa katika santuri yake ya mwaka 1956, Africa Speaks, America Answers, na ilikuwa na jina la lugha ya Ga lenye maana ya shukrani kwa Mungu. Mtunzi alitajwa kwa haki. Lakini shukrani ilipobadilishwa kuwa hisia ya furaha, Mungu akaondoka na Accra pia ikaondoka.

Ya tatu ni Wimoweh, ambayo Kaempfert naye aliipiga. Asili yake ni Mbube, wimbo wa Kizulu uliorekodiwa na Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds mjini Johannesburg mwaka 1939. Mbube ni simba. Kibwagizo kinatamka kuwa wewe ni simba. Waamerika waliousikia katika santuri wakaandika walichosikia, na neno lisilo na maana katika lugha yoyote likazaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1961 kundi la The Tokens liliufikisha wimbo huo, katika umbo jipya la Kiingereza, kileleni mwa chati za Marekani. Linda, ambaye inasimuliwa kuwa aliuza haki zake kwa shilingi 10, alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Iliwachukua binti zake hadi mwaka 2006, baada ya kesi iliyofunguliwa mwaka 2004 dhidi ya kampuni ya Disney, kupata makubaliano ya kulipwa.

Mifano hii mitatu inazuia hitimisho la haraka. Si kweli kwamba maneno pekee hulinda haki ya mtunzi, kwani Mbube ulikuwa na maneno na bado ukapotea mikononi mwa mwenyewe. Si kweli pia kwamba muziki wa ala ndio uliofuta majina yote, kwani Warren alitajwa. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: kadiri tuni ilivyoondolewa lugha yake, ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa msikilizaji kutouliza imetoka wapi. Tulinganishe na Malaika. Wimbo huo, uliorekodiwa na Fadhili William na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, umekuwa na mzozo wa muda mrefu kuhusu nani hasa aliutunga. Hata hivyo hakuna msikilizaji wa New York aliyewahi kudhani kuwa ni wimbo wa Hamburg. Maneno hayakumlinda mtunzi, lakini yaliilinda lugha, na lugha ikaonyesha nyumbani kwao.

6.0 Msikilizaji wa Jinja

Hadi hapa tumewazungumzia watungaji na wauzaji. Historia ya santuri haikamiliki bila msikilizaji, na hapa sanduku lenyewe ndilo shahidi.

Jajja alijifunza Kiswahili kazini. Nchini Uganda, Kiswahili hakikuwa lugha ya shule wala ya kanisa katika sehemu nyingi. Kilikuwa lugha ya reli, jeshi, polisi na masoko ya miji, na wengi waliokizungumza walitazamwa kwa shaka. Kwa karani wa reli kilikuwa lugha ya heshima ya kazi, iliyomuunganisha na wenzake wa Nakuru, Tabora na Mombasa. Neno safari alilijaza kila wiki katika fomu za posho, kwa sababu watumishi wa serikali na reli waliitumia safari kwa maana ya kusafiri kikazi.

Bibi anasimulia kuwa santuri ya Kaempfert ilinunuliwa Nairobi, na kwamba mnunuzi aliichagua kwa jina kabla ya kuisikia. Tangu hapo aliipiga jioni ya kuamkia siku ya kusafiri, viatu vikiwa vimeng'arishwa na mfuko umefungwa. Wageni waliokuja kuaga waliisikiliza pamoja naye. Hakuna aliyefikiria simba wala wawindaji. Walifikiria stesheni, tiketi, na ndugu walioko mwisho wa reli.

Ushahidi wa aina hii una mipaka yake. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja, iliyosimuliwa miaka mingi baadaye na mjane anayempenda marehemu. Lakini sanduku linaunga mkono sehemu yake. Upande wa kwanza wa santuri hiyo umechakaa hadi sauti ya filimbi inakwaruza. Santuri ya Mantovani iliyo jirani nayo inang'aa kama mpya. Nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa karani, kuna orodha ya tarehe na majina ya stesheni. Na chini ya jina la Kiingereza, kwa wino wa bluu, ameandika neno moja: Msafara.

Neno hilo si tafsiri sahihi. Safari ingebaki safari. Msafara ni watu wengi wanaokwenda pamoja. Mwandishi wa makala haya hana njia ya kujua alichokusudia mwenye mkono, wala si lazima. Inatosha kuona kuwa msikilizaji huyu hakupokea neno kama lilivyorudishwa kutoka Hamburg. Alilichukua, akalisahihisha kwa mujibu wa maisha yake, akalitumia. Kile ambacho soko la dunia lilikifanya pambo, yeye alikifanya desturi ya nyumba.

Hoja hii haifuti ile ya sehemu ya tano. Furaha ya Jajja haikumlipa Solomon Linda, na haikuwarudishia vijana wa Johannesburg mazungumzo yaliyoondolewa. Mtu anaweza kupenda kitu ambacho kimetengenezwa kwa kumsahau mwingine. Wanahistoria wa muziki wa Afrika wamekuwa wakichagua upande mmoja: ama kusimulia unyang'anyi, ama kusimulia ubunifu wa wasikilizaji. Sanduku moja lina vyote viwili, wakati mwingine kwenye pande mbili za santuri ileile.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kuwa santuri za muziki wa ala wa miaka ya 1950 na 1960 ni chanzo halali cha historia ya Kiswahili na ya Afrika. Majalada yake yanaonyesha maneno yetu yalivyouzwa. Lebo zake zinaonyesha watunzi wa Kiafrika walivyotajwa, walivyokosewa tahajia, au walivyoachwa. Na michubuko yake, pamoja na maandishi ya wenye nyumba, inaonyesha yaliyofanyika baada ya santuri kununuliwa.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vikuu vya kanda hii ziwatume wanafunzi wao kuorodhesha santuri zilizomo majumbani, bila kubagua za ala na za uimbaji, za kigeni na za kwetu. Orodha ichukue kila kilichoandikwa kwenye jalada na lebo, pamoja na maandishi ya mkono. Pili, wenye santuri, ambao wengi wao sasa ni wazee, wahojiwe mapema kuhusu walivyozisikiliza, lini na pamoja na nani, kwa sababu ushahidi huo hauko kwenye plastiki. Tatu, katika katalogi za Kiswahili, tuni zirudishiwe majina na asili zake kadiri zinavyothibitika: Wimoweh iandikwe pamoja na Mbube, na Msarurgwa asahihishwe kuwa Musarurwa. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kalamu, subira na mtu wa kufungua sanduku.

Sanduku la Jinja halikutupwa. Limehamishiwa chumbani kwa Bibi, na kila santuri sasa ina kadi yake. Mjomba aliyependekeza litupwe ndiye aliyeleta gramafoni ya kuazima ili tuzisikilize wakati wa kuziorodhesha. Tulipofika kwenye ile iliyochakaa, aliomba irudiwe mara ya pili, kisha akaanza kutaja, mmoja baada ya mwingine, watu waliokuwa wakija kuaga.